Kimya cha Spika za Nyuma

Mjomba wangu alikuwa baharia. Miaka ya sabini alifanya kazi kwenye meli za mizigo, na kila aliporejea Kilindini, bandari ya Mombasa, alishuka na santuri mbili tatu mkobani, amezizungushia shati zisivunjike. Alipozeeka akahamia kwetu Majengo, alikuja na sanduku lake la mbao, akanikalisha akaniambia, "Mpwa wangu, wewe ndiwe fundi. Haya sasa ni yako." Mlikuwa na santuri sitini na kitu. Kumi na moja kati yake zilikuwa na alama ndogo kwenye jalada: saba zimeandikwa SQ, mbili QS, mbili CD-4.

Miaka kumi na minne nilikuwa nikitengeneza redio na amplifaya za watu, na sikuwahi kujiuliza alama hizo ni za nini. Mjomba ndiye aliyenieleza. Katika bandari moja ya Ulaya aliingia duka la redio akakuta spika nne, moja kila pembe ya chumba, na muziki ukamzunguka kama maji. Akanunua santuri. Mashine yenyewe mshahara wake haukuifikia. Basi santuri hizo zilizotengenezwa kwa spika nne alizisikiliza kwa spika mbili zaidi ya miaka arubaini. Nikaona nina deni naye.

Kabla ya kushika pasi ya kulehemu nilitaka kuelewa jambo moja: sauti za njia nne zimeingiaje kwenye mfereji mmoja wa santuri? Mfereji wa santuri ya stereo una kuta mbili, mmoja umebeba chaneli ya kushoto na mwingine ya kulia. Sindano ikitikisika upande kwa upande, chaneli zote mbili zinasema neno moja. Ikipanda na kushuka, zinapingana: hii ikisukuma, ile inavuta. Wahandisi wa mwisho wa miaka ya sitini, akiwemo Mmarekani Peter Scheiber, waliona kwamba kupingana huko ni nafasi iliyo wazi. Sauti za nyuma zinaweza kufichwa ndani ya tofauti ya chaneli mbili, kisha zikatolewa tena nyumbani kwa kujumlisha na kutoa. CBS ya Marekani ikatoa mfumo wake wa SQ mwaka 1971, Sansui ya Japani ikaja na QS, na JVC ikashika njia nyingine kabisa ya CD-4. Mifumo haikusikilizana, wanunuzi wakachoka, na kabla miaka ya sabini haijaisha biashara ilikuwa imekufa. Hesabu haikufa. Sauti ya mzunguko ya majumba ya sinema baadaye ilijengwa juu ya wazo lile lile.

Dikoda, yaani saketi ya kuzitoa sauti zilizofichwa, iliyo rahisi kuliko zote haina hata chipu moja. Inajulikana kwa jina la David Hafler wa kampuni ya Dynaco. Spika za mbele unaziacha kama zilivyo. Za nyuma unaziunga mfululizo, plasi ya moja kwenye plasi ya kushoto ya amplifaya, plasi ya nyingine kwenye plasi ya kulia, na mainasi zao unazikutanisha zenyewe kwa zenyewe. Spika hizo hazipati kushoto wala kulia. Zinapata kushoto ukitoa kulia. Mwimbaji aliyerekodiwa katikati, sawa pande zote mbili, anafutika. Kinachobaki nyuma ni mwangwi wa ukumbi, makofi ya watu, na kile alichokificha mhandisi.

Nikaunga jioni moja, kwa haraka, na hapo ndipo nilipoharibu. Amplifaya niliyotumia ilikuwa redio ya gari, kama zilivyo nyumba nyingi kwetu, imewekwa kwenye kisanduku na transfoma ya volti 12. Mchoro niliokuwa nao uliongeza rezista ya omu 10 kutoka pale mainasi zinapokutana hadi grandi, yaani upande wa sifuri wa umeme, ili nyuma kushoto na nyuma kulia zisifanane mno. Nikaiunga kwenye bati la redio. Nilipowasha, koni za spika za nyuma zikaruka mbele zikaganda hapo, na rezista yangu ya nusu wati ikatoa moshi kabla sijafika kwenye swichi.

Nilikaa na mita hadi nikaelewa. Chipu za redio ya gari huendesha kila spika kutoka pande zote mbili, kwa hiyo waya wa mainasi si grandi hata kidogo. Kila waya umekaa kwenye nusu ya umeme unaoingia, kama volti 6. Mimi nilikuwa nimefungua njia ya volti hizo kupita kwenye spika kwenda kwenye bati. Hesabu inakubali: spika mbili za omu 8 sambamba ni 4, jumlisha 10 ni 14, volti 6 zinasukuma kama ampia 0.43, rezista ya nusu wati ikalazimika kubeba karibu wati mbili. Spika zilipona kwa sababu nilizima mapema. Tangu siku hiyo, kabla ya kuunga dikoda ya Hafler kwenye mashine yoyote, naweka mita kati ya tundu jeusi la spika na bati la amplifaya, mashine ikiwa imewashwa. Ikisoma sifuri, naendelea. Ikisoma volti yoyote ya maana, mashine hiyo naiacha. Na matundu meusi yenyewe lazima yawe yameungana ndani; hilo napima kwa omu, mashine imezimwa.

Nikaazima amplifaya ya zamani ya transista, nzito, ya grandi moja. Hapo pia nilijifunza kuhusu mzigo. Nilikuwa na wazo la kuanza na spika moja tu ya nyuma. Spika moja ya omu 8 ikikaa kati ya plasi mbili, chaneli zinapopingana kila upande wa amplifaya unaiona kama omu 4, na ukijumlisha na ile ya mbele mzigo unashuka chini ya omu 3. Transista za zamani hazipendi. Mbili mfululizo zinarudisha mzigo kwenye omu 4. Ndiyo sababu ya kutumia mbili, wala si kwa ajili ya uzuri wa chumba.

Ilipoimba, nilikaa sakafuni katikati ya chumba nisiamini. Santuri ya QS, ya okestra, ukumbi ulifunguka nyuma ya mgongo wangu. Nikamwita mjomba. Akasikiliza upande mzima, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akaniuliza swali ambalo lilinichukua miezi saba kulijibu: "Mbona hizi mbili za nyuma zinasema kitu kimoja?"

Alikuwa sahihi. Kushoto ukitoa kulia, na kulia ukitoa kushoto, ni sauti ile ile iliyopinduliwa. Nyuma yangu palikuwa na ukumbi, lakini hapakuwa na pembe mbili.

Kabla sijafika huko, acha niseme nilichojifunza kwenye saketi hii ndogo, maana ndiyo iliyonifaa zaidi kazini. Siku moja niliweka santuri ya mama ya taarab, ndogo ya mizunguko 45, ya mono. Kwenye mono kushoto na kulia ni sawasawa, basi tofauti ni sifuri na nyuma panapaswa kuwa kimya. Nyuma hapakuwa kimya. Nilisikia mikwaruzo, vumbi, mtetemo wa mota, na kwa mbali sauti ya mwimbaji kama yuko nyumba ya jirani. Mikwaruzo na vumbi huirusha sindano juu na chini, na kupanda na kushuka ndiko spika za nyuma zinakokusikia. Mtetemo wa mota ni vivyo hivyo. Lakini yule mwimbaji hakupaswa kuwepo. Nikagusa kitufe cha balansi, kinachogawa nguvu kati ya kushoto na kulia, nikakizungusha kidogo kulia, na mwimbaji akazama. Nikazidisha, akarudi. Mahali alipozama ndipo chaneli mbili zilikuwa sawa kweli kweli, na hapakuwa katikati ya kitufe. Miaka yote nilikuwa nikiweka balansi katikati nikiamini macho.

Kuanzia hapo spika za nyuma zikawa chombo changu cha kupimia. Stesheni ya FM ikiwa dhaifu, mchakacho wa hewa wa stereo unajaa nyuma, kwa sababu kwenye FM tofauti ya chaneli hubebwa peke yake kwenye masafa ya juu, na huko ndiko kelele huingia kwanza. Nyimbo za simu zilizobanwa mno huko nyuma zinachemka kama sufuria, maana programu za kubana huanza kuiba kwenye tofauti, zikijua masikio hayataiona haraka. Vijana waliokuja dukani na amplifaya "yenye sauti tupu" niliwasikilizisha nyuma: sauti ya mwimbaji ikiwa kubwa huko kuliko mbele, basi chaneli moja imepinduliwa kabla ya kufika kwenye matundu ya spika. Kuchungulia kwa macho hakunipi jibu kwa haraka hiyo.

Hatua ya pili nilijenga saketi ya kutoa kwa chipu, ili nyuma niwe na amplifaya yake na nisiguse tena waya za spika za mbele. Chipu ni TL072 na rezista nne za kilo-omu 10, umeme wa betri mbili za volti 9 ili kusiwe na mvumo. Inaonekana kazi ya dakika ishirini. Lakini kutoa kunadai usawa. Rezista za kawaida zenye kosa la asilimia 5 zinaweza kuacha moja ya kumi ya kile unachotaka kukifuta; za asilimia 1 zinaweza kuacha moja ya hamsini. Niliagiza mia moja kutoka barabara ya Luthuli, Nairobi, zikaja kwa basi, nikazipima moja moja juu ya meza ya chakula na kuchagua nne zinazosoma namba ile ile hadi tarakimu ya mwisho ya mita yangu. Kimya kilichokuja sikuwahi kukipata kwenye saketi ya Hafler.

Humo nikaongeza ucheleweshaji. Sikio huamini sauti inayofika kwanza. Helmut Haas wa Ujerumani alilieleza mwaka 1949. Spika ya nyuma ikiwa karibu na kiti kuliko za mbele, muziki wote unarudi nyuma. Nikachukua chipu ya PT2399, ile inayotoa mwangwi kwenye mashine za karaoke, nikaiweka kwenye ucheleweshaji wake mdogo kabisa, kama milisekunde 30. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde, kwa hiyo spika zangu zilizo nyuma ya kochi zilisikika kana kwamba ziko mita kumi zaidi. Kisha rezista ya kilo-omu 10 na kapasita ya nanofaradi 2.2 kukata sauti kali za juu ya kilohezi 7, kwa sababu herufi "s" za mwimbaji ndizo huvuja nyuma kwanza chaneli zisipolingana sawasawa. Kwa filamu na kwa muziki wa jukwaani, saketi hii hadi leo naipenda kuliko zote. Anayetaka kuanza aanze nayo.

Lakini mjomba alikuwa bado anasubiri pembe zake mbili.

SQ haifunguki kwa kutoa tu. Wahandisi wa CBS walizizungusha sauti za nyuma robo ya duara kabla ya kuziingiza, nyuzi 90, kushoto kwa namna yake na kulia kwa namna yake. Ili kuzitoa, lazima uizungushe chaneli moja nyuzi 90 hizo hizo kisha uichanganye na nyingine. Ugumu ni kwamba kapasita moja haiwezi kuzungusha sauti zote sawa. Ya chini itaizungusha kidogo na ya juu sana. Dawa yake ni kupitisha kila chaneli kwenye minyororo miwili ya saketi zinazopitisha sauti yote bila kuipunguza ila zinaichelewesha fezi, yaani zamu ya wimbi kupanda na kushuka, ikapangwa ili minyororo hiyo itofautiane kwa nyuzi 90 karibu wakati wote. Mimi niliweka saketi tatu kwa kila mnyororo. Minyororo minne mara tatu ni kumi na mbili, yaani chipu tatu za TL074, na moja zaidi ya kuchanganya. Zamani Motorola walitengeneza chipu moja ya kazi hii yote, MC1312. Sikuitafuta. Nilitaka kujenga kwa vitu ambavyo fundi mwingine wa Mombasa anaweza kuvipata wiki ijayo.

Ya kwanza haikufanya kazi vizuri. Sauti zilitoka, ila pembe zilitangatanga: ngoma ikianza kulia nyuma, ikipanda inahamia kushoto. Rafiki yangu anayefundisha chuo cha ufundi alinikaribisha na ubao wangu kwenye osiloskopu, mashine inayochora mawimbi ya umeme kwenye kioo. Ukiingiza mnyororo mmoja upande wa mlalo na mwingine upande wa wima, nyuzi 90 zenye nguvu sawa zinachora duara. Simu ilitoa sauti ya hezi 1,000: duara. Hezi 100: karibu duara. Hezi 300: yai, tena limelala. Tukajua tuangalie wapi. Kapasita zangu zilikuwa za asilimia 10 na nilizichomeka kama zilivyotoka kwenye mfuko. Rezista nilizichagua kwa subira, kapasita nilizidharau, na fezi inazitegemea zote mbili kwa kiasi kile kile. Nilirudi nyumbani, nikanunua mita ya kapasita, nikapima arubaini ili nipate kumi na mbili. Wiki iliyofuata yai lilikuwa duara.

Kulibaki kasoro ambayo si ya mkono wangu bali ya mfumo wenyewe. Kwenye SQ ya kawaida mwimbaji wa katikati mbele anatoka spika zote nne kwa nguvu ile ile. Hata hivyo nyuma anafika amepinduka, kushoto kinyume cha kulia. Watu wa zama zile waliligundua hilo wakaweka rezista moja kati ya chaneli mbili za nyuma na nyingine kati ya zile za mbele, zichanganyike asilimia 40 nyuma na 10 mbele. Nyuma mwimbaji anafutana na nafsi yake, anabaki kama nusu. Unalipa kwa kuzisogeza pembe karibu kidogo. Niliweka kitufe badala ya rezista ya nyuma, nikakizungusha usiku kucha nikifikiri nitapata mahali pazuri zaidi, na asubuhi nikakipima. Kilikuwa karibu na 40 yao.

Siku ya kumsikilizisha mjomba nilisogeza kochi katikati ya sebule, nikamwekea kikombe cha chai ya maziwa, nikachagua santuri ambayo yeye mwenyewe alisema ndiyo aliyoisikia dukani. Hakusema neno upande wote wa kwanza. Alikuwa amefumba macho, mkono wake wa kulia unagonga goti. Katikati ya wimbo wa tatu akainua kidole, bila kugeuka, akakielekeza nyuma ya bega lake la kulia. "Pale," akasema. "Ngoma ilikuwa pale."

Zile mbili za CD-4 bado ziko sandukuni. Huko tofauti ya sauti za mbele na za nyuma imebebwa juu ya wimbi la kilohezi 30, sikio haliwezi kulisikia, na kulisoma kunahitaji sindano ya ncha maalumu, ile ya Shibata, na dikoda ya namna nyingine kabisa. Tena mjomba alizicheza miaka mingi kwa sindano ya kawaida, ambayo husugua kwanza ile mikunjo midogo kabisa ya mfereji. Sijakata tamaa nazo, lakini sitaki kumwahidi mzee kitu ambacho labda kimeshafutika.

Sasa kila jioni ya Ijumaa tunaanza na ile santuri ya mama ya mono. Nazungusha balansi mpaka mwimbaji azame nyuma, ndipo tunaweka nyingine. Mwanzoni nilitia nukta ya rangi nyekundu ya kucha mahali kitufe kilipotua. Baada ya miezi mitano kitufe kilikuwa kinatua nafasi ya unywele kushoto mwa nukta, na wiki iliyofuata kidogo tena. Nikaitoa sindano nikaitazama kwa lenzi: upande mmoja ulikuwa umelika. Nimeagiza mpya Nairobi, na nukta ya pili nitaitia ikifika.